Ahadi ya Matundu Matatu

Soketi ya ukutani ni kitu kidogo ambacho macho yetu yameshakizoea hata hatukioni tena. Ina matundu matatu, moja juu na mawili chini, na mara nyingi swichi kando yake. Mtu akiikuta haulizi imefungwa na nani, wala umeme wake unatoka wapi. Anachomeka pasi, redio au chaja ya simu, anabonyeza, na kazi inaendelea. Hana haja ya kukumbuka kwamba nyuma ya matundu yale pana waya uendao kwenye mita, kutoka kwenye mita kwenda nguzoni, kutoka nguzoni kwenda kwenye transfoma, na hatimaye kwenye mitambo inayozungushwa na maji ya Kidatu, Mtera au Rufiji. Soketi imekwisha kusema kwa niaba ya hao wote, "Lete kifaa chako." Hiyo ndiyo ahadi yake, na wahenga walisema ahadi ni deni.

Katika kurasa hizi nataka kuitazama ahadi hiyo inapowekwa mahali pasipo nguzo, mita wala bwawa, yaani ndani ya gari. Huenda msomaji akashangaa mwalimu mstaafu aliyepita umri wa miaka sabini ana shughuli gani na mambo ya nyaya. Shughuli hiyo ililetwa nyumbani kwangu na mpwa wangu, na kabla haijaisha ilikuwa imenifundisha jambo ambalo sikulipata katika miaka yote ya kusimamia shule.

Sisi wa Nassa tunakaa kando ya Ghuba ya Speke, katika Wilaya ya Busega. Zamani tulikuwa chini ya Wilaya ya Magu na Mkoa wa Mwanza. Tangu mwaka 2012 tumo katika Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu yako Bariadi. Barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma hupita kwetu, huendelea hadi Lamadi, kisha huwafikisha wasafiri kwenye lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Kwa sababu hiyo tumezoea kuona magari ya kila namna. Yapo mabasi, malori ya pamba na samaki, na yapo magari ya wageni ambayo ndani yake mna kitanda, jiko, friji ndogo na taa za kusomea. Mgeni anaegesha gari lake, anafungua mlango wa nyuma, na kumbe amefika nyumbani kwake. Watoto wetu huyaita gari-nyumba, na sidhani kama kamusi inaweza kutupatia jina bora zaidi.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni kinyozi. Kazi yake anaifanya katika minada, na kama wajuavyo wakazi wa Usukumani, mnada haukai mahali pamoja. Leo uko kijiji hiki, kesho kutwa uko kingine, na mtu anayeufuata hulala njiani mara nyingi kuliko kwake. Alinunua Hiace kuukuu, akatoa viti vya nyuma, akaweka kitanda cha mbao chenye sanduku chini yake, kiti kimoja cha kunyolea na kioo. Mke wake na mtoto wao wa miaka miwili husafiri naye. Kilichobaki kilikuwa umeme. Alitaka soketi ya kawaida, kama ile iliyoko sebuleni kwangu, ili achomeke mashine ya kunyolea, achaji simu za wateja kwa malipo, na jioni awashe taa na televisheni ndogo.

Alikuja kwangu na betri ya ampea 100 kwa saa, kijana fundi wa umeme, na sanduku la bati lenye feni ndogo ubavuni. Sanduku hilo ndilo inveta. Kazi yake ni rahisi kueleza. Betri ya gari hutoa mkondo mnyoofu wa volti 12, unaokwenda upande mmoja tu. Vifaa vya nyumbani vimetengenezwa kwa mkondo geu wa volti 230, unaokwenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde. Inveta husimama katikati kama mkalimani. Hupokea lugha ya betri na kutoa lugha ya nyumba. Hii ya mpwa wangu ilikuwa ya wati 600. Kijana fundi alikuwa na bunda la waya lililobaki katika kazi ya kufunga umeme nyumba moja, waya mzuri wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ule ule utumikao kwa soketi za majumbani. Alisema utatosha kwa kila kitu. Betri ingekaa mbele karibu na dereva, inveta nyuma karibu na kioo, na waya ungepita chini ya kitanda, mita tano kwenda na mita tano kurudi.

Hapo ndipo nilipoomba kipande cha karatasi.

Nilisoma ualimu Butimba, na miongoni mwa mambo niliyoyafundisha kwa miaka mingi ni hesabu ndogo isemayo kwamba wati ni volti mara ampea. Wanafunzi huikariri, hujibu mtihani, na huisahau. Lakini ukiiweka juu ya meza pamoja na inveta, inasema jambo la ajabu. Wati 600 upande wa soketi, penye volti 230, ni ampea 2.6 tu. Wati hizo hizo 600 upande wa betri, penye volti 12, ni ampea 50. Na kwa kuwa inveta yenyewe hula kiasi, tuseme 55. Kazi ni ile ile, lakini upande mmoja unahitaji waya mwembamba na upande wa pili unahitaji waya mnene kuliko kidole cha mtoto.

Kijana fundi hakulikubali mara moja. Kwake yeye, kama kwa watu wengi, volti 230 ndizo za kuogopwa na volti 12 ni za kuchezea. Nikamweleza kwa mfano wa hapa kwetu. Fikiri una kilo 600 za pamba za kupeleka ghalani. Ukitumia watu wenye mizigo ya kilo 12 kichwani, utahitaji watu 50, na njia ni lazima iwe pana ili wasikanyagane. Ukitumia mikokoteni ya ng'ombe, kila mmoja ukibeba kilo 230, miwili itajaa na wa tatu utakwenda nusu na zaidi kidogo, na njia nyembamba itatosha. Volti ni mzigo wa kila mchukuzi. Ampea ni idadi ya wachukuzi. Na waya ni njia yao. Ndiyo maana umeme unaotoka Kidatu husafirishwa kwa volti 220,000, ili wachukuzi wawe wachache na nyaya ziweze kuning'inia katika minara bila kuwa nene kama magogo.

Kisha tukapiga hesabu ya ule waya wake. Mita kumi za shaba ya milimita za mraba 2.5 zina ukinzani wa karibu omu 0.07. Ukipitisha ampea 55, volti zinazopotea njiani ni karibu 4. Betri inatoa 12, inveta inapokea 8, na inveta nyingi zikiona hivyo hupiga kelele na kuzima. Afadhali zizime. Kwa maana kama zingekubali kuendelea, ule waya peke yake ungekuwa unatoa joto la zaidi ya wati 200, na waya wenyewe unapita chini ya godoro.

Mke wa mpwa wangu alikuwa amekaa pembeni anamlisha mtoto. Hakuwa amesema neno tangu walipofika. Akasema taratibu, "Mjomba, mtoto huwa analala upande ule." Hakuongeza kitu. Naamini maneno hayo yalimfanya fundi aukunje waya wake haraka kuliko hesabu zangu zote.

Mpango ukabadilika. Inveta ilisogezwa karibu na betri, isizidi mita moja, na waya wa betri ukawa wa milimita za mraba 16. Kwa urefu huo mfupi, joto linalopotea katika waya halifiki wati 7. Ule waya mwembamba ukapewa safari ndefu, kutoka kwenye inveta hadi kwenye soketi. Lakini hata hapo tulikataa ule wa nyumbani wenye uzi mmoja mgumu. Gari letu linapita katika barabara za vumbi na mashimo. Uzi mmoja ukitikiswa kila siku huchoka na kukatika ndani ya ngozi yake, mahali ambapo jicho haliwezi kuona. Waya wa gari uwe wa nyuzi nyingi ndogo, zinazopinda pamoja kama kamba. Tena kila mahali unapopenya kwenye bati uvalishwe mpira, maana kingo za bati ni msumeno unaofanya kazi polepole.

Kisha ikaja habari ya fyuzi. Watu wengi hudhani fyuzi inalinda kifaa. Mimi huwaambia kwamba fyuzi inalinda waya, na kwa kuulinda waya inalinda nyumba. Nyumbani, waya wenu ukipiga shoti, kuna kikatio karibu na mita. Katika gari, mlinzi huyo hayupo mpaka umweke mwenyewe. Na betri haina huruma. Betri ya ampea 100 kwa saa, waya wake ukigusana na bodi ya gari, inaweza kusukuma mamia ya ampea kwa wakati mmoja, kiasi cha kuufanya waya uwe mwekundu kabla mtu hajapata nafasi ya kufungua boneti. Kwa hiyo fyuzi ikae karibu kabisa na kichwa chanya cha betri. Ukiiweka mbali, kile kipande cha waya kilichoko kabla yake hakina mlinzi. Kitabu cha inveta kilisema ampea 80, na waya tuliochagua uliweza kuzibeba. Hiyo ndiyo tukaifunga.

Mpwa wangu alianza kunung'unika hapo. Waya mnene ni ghali, fyuzi kubwa pamoja na kishikio chake ni ghali, na fedha aliyokuwa ameiweka ilikuwa ni ya televisheni. Akaniambia maneno ambayo nimeyatafakari sana tangu siku ile. Alisema, "Mjomba, mteja haoni waya. Mteja anaona soketi. Na soketi haiulizi maswali."

Alikuwa amesema kweli tupu. Soketi haiulizi maswali, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Ile tuliyokuwa nayo ni ya mtindo wa Kiingereza, ya matundu ya pembe nne, ambayo tuliirithi pamoja na mambo mengine. Kanuni zake zilitolewa Uingereza mwaka 1947, baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati taifa lile lilipokuwa linajenga nyumba zake upya. Juu yake pamechapwa: ampea 13. Mtu akiisoma anaelewa kwamba anaweza kuchomeka kifaa cha karibu wati 3,000. Lakini nyuma yake katika Hiace ya mpwa wangu pana ampea zisizofika tatu. Soketi inaahidi 13, nyumba ina mbili na nusu. Siku moja atakuja mteja mwungwana kabisa, ana harusi jioni, ataomba kunyoosha shati lake dakika tano tu. Pasi ni wati 1,000. Hatakuwa amefanya kosa lolote, kwa kuwa amesoma kilichoandikwa.

Nikamwambia mpwa wangu kwamba kwa sababu soketi haiulizi maswali, ni lazima sisi tuyaulize kabla hatujaifunga. Televisheni ingoje. Alikaa kimya muda mrefu, akatazama sanduku chini ya kitanda, kisha akamtuma fundi dukani.

Tulipomaliza habari ya waya na fyuzi, tukaja kwenye tundu la tatu, lile la juu. Hili mafundi huliita erthi. Nyumbani, waya wake unakwenda kwenye chuma kilichozikwa ardhini, ili umeme ukivuja ndani ya bati la friji upate njia ya kushuka, badala ya kupita katika mwili wa mama anayefungua mlango wake. Nchini mwetu tundu hili halijapata heshima yake. Ndani ya soketi mna vipazia vidogo vinavyofunga matundu mawili ya chini, ili mtoto asiingize msumari. Pini ndefu ya erthi ndiyo inayovifungua. Sasa chaja nyingi zina pini mbili tu. Basi tumejifunza, wakubwa kwa wadogo, kuingiza kalamu au kijiti katika tundu la juu ili vipazia vifunguke. Nimeiona kalamu hiyo madukani, maofisini, hata katika nyumba za walimu. Mlinzi tumemtia kijiti machoni ili tupite, na tunaona ni ujanja.

Katika gari jambo la erthi ni gumu zaidi, maana gari limesimama juu ya mpira. Hakuna ardhi ya kuizika chuma. Kijana fundi alipendekeza kuunganisha waya wa erthi na ule wa nyutro pamoja, vyote kwenye bodi ya gari, "kama nguzoni". Ziko inveta zinazoruhusu hivyo. Ziko nyingine za bei ndogo ambazo nyaya zake zote mbili za kutokea zina umeme ukilinganisha na betri, na ukiunganisha mmoja na bodi unaiua inveta papo hapo, au unaacha hatari iliyojificha. Huwezi kujua kwa kuitazama. Kitabu kidogo kilichokuja ndani ya boksi kilikuwa kinajua, nacho kilikuwa bado kimo katika nailoni yake, hakijafunguliwa, kwa sababu kimeandikwa kwa Kiingereza cha herufi ndogo kama mchanga.

Nilivaa miwani nikakisoma chote, neno kwa neno, nikawafasiria. Kilisema nyutro isiunganishwe na bodi. Parafujo ya erthi iliyoko kwenye sanduku la inveta ndiyo iunganishwe na bodi, pamoja na tundu la juu la soketi. Tukafanya hivyo. Tukaamua pia kwamba soketi iwe moja tu, na kifaa kichomekwe kimoja kwa wakati mmoja, kwa sababu katika inveta ya namna hii hatari hukua pale vifaa viwili vibovu vinapokutana. Nje ya nchi, na hata hapa katika magari ya gharama, hufungwa pia kikatio kinachohisi umeme unaovuja wa miliampea 30 na kukata mara moja. Lakini kikatio hicho hutegemea nyutro iwe imefungwa katika bodi, na kwa inveta kama ya kwetu kingekaa pale kama askari aliyelala. Naona ni vizuri fundi alijua hivyo kabla hajakiuza.

Hesabu ya mwisho ilikuwa ya betri. Betri ya volti 12 na ampea 100 kwa saa ina wati 1,200 kwa saa, lakini betri ya risasi na asidi haipendi kumalizwa. Ukitumia nusu tu itaishi miaka; ukiikausha kila siku itakufa upesi. Kwa hiyo mpwa wangu ana 600 za matumizi. Mashine ya kunyolea ya wati 15, ikifanya kazi saa nane, ni 120. Taa ya wati 10 kwa saa nne ni 40. Inveta yenyewe, hata kama haijachomekwa kitu, hula wati kadhaa kila saa ikiachwa wazi usiku kucha, na asubuhi unajiuliza umeme umekwenda wapi. Pasi ya wati 1,000, hata kama inveta kubwa ingeikubali, ingemaliza akiba yote kabla ya dakika 36.

Na simu za wateja je? Hapo kijana fundi ndiye aliyenifundisha. Alisema simu inahitaji volti 5. Kwa nini tuchukue 12, tuzipandishe hadi 230, halafu chaja izishushe tena hadi 5, na kila hatua ipoteze kidogo? Akafunga ubao wa chaja unaotumia volti 12 moja kwa moja, wenye fyuzi yake ndogo. Simu kumi zinachajiwa bila hata kuigusa soketi. Nilifurahi sana. Mwanafunzi mzuri ni yule anayeichukua hesabu ya mwalimu na kuifikisha mahali ambapo mwalimu hakuwa amefika.

Mambo mengine tuliyafanya upesi. Betri hii ilitengwa na ile ya kuwashia gari kwa swichi inayoziunganisha injini ikiwaka tu, ili kinyozi asije akashindwa kuondoka mnadani. Sanduku la betri lilitobolewa mrija wa kutolea hewa nje, kwa kuwa betri inapochajiwa hutoa hewa inayoweza kuwaka, na humo ndani wanalala watu watatu. Inveta iliachiwa nafasi ya kupumua pande zote.

Mwisho nikaomba kibao cha bati na rangi. Kwa miaka mingi nilikuwa naandika vibao vya shule kwa mkono wangu, na mkono haujasahau. Juu ya soketi nikaandika: WATI 300 TU. PASI NA BIRIKA HAPANA. Inveta ni ya 600, lakini nilikata nusu, kwa sababu mashine zenye mota huvuta zaidi zinapoanza, na kwa sababu ni heri ahadi iwe ndogo kuliko uwezo.

Baada ya kuandika kibao hicho nilianza kuona soketi za namna hii mahali pengi. Nilikuwa mwalimu kijana wakati wa Elimu ya Msingi kwa Wote. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo Novemba 1977. Ilikuwa ahadi kubwa na ya haki, nami sitamruhusu mtu aliyesoma kwa sababu ya ahadi hiyo aicheke mbele yangu. Lakini betri ilikuwa ndogo. Madarasa yalijaa kabla ya madawati, watoto walikuja kabla ya vitabu, na vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huko huko vijijini ili wawahi kushika chaki. Tulifungua soketi, kisha tukaanza kutafuta umeme. Mwaka 2002, baada ya ada ya shule za msingi kufutwa, wakaja kwa wingi tena. Na mwaka 2016, elimu bila malipo ilipofika hadi kidato cha nne, ikawa vivyo hivyo, ingawa wakati huo mimi nilikuwa nimeshastaafu na nikiwatazama wenzangu kwa huruma.

Sisemi kwamba tusingeahidi. Gari lisilo na soketi kabisa lingemwacha mpwa wangu na mkasi, na nchi isiyoahidi shule ingetuacha gizani. Ninachosema ni kwamba anayefunga soketi ana wajibu kwa yule ambaye hatauona waya. Mzazi aliyemleta mtoto wake shuleni hakuuliza vitabu viko wangapi kwa watoto wangapi. Aliona kibao, akaona bendera, akaamini. Alikuwa na haki ya kuamini. Kazi ya kujua nyuma pana nini ilikuwa yetu sisi tulioandika kibao, na pale penye upungufu, kazi ya kuusema ilikuwa yetu pia. Mwalimu mkuu anayewaambia wazazi katika mkutano, "Mwaka huu tunaweza kufundisha haya vizuri, na haya bado hatuwezi," anafunga fyuzi. Wapo watakaomwona mnyonge. Lakini shule yake haitaungua.

Na kwa mtu binafsi ni hivyo hivyo. Tunapozeeka watu huendelea kutuchomekea mizigo ile ile ya zamani: michango, upatanishi wa ndoa, karo za wajukuu, vikao hadi usiku. Juu yetu bado pameandikwa 13, kwa kuwa ndivyo walivyotuzoea. Si aibu kuandika kibao kipya, chenye namba ya kweli.

Msomaji mwenye gari na anayetaka kufanya kama mpwa wangu, ninamsihi asianze na soketi. Aanze na karatasi: vifaa vyangu ni vipi, vinakula wati ngapi, kwa saa ngapi. Kisha betri, kisha waya na fyuzi, kisha inveta pamoja na kitabu chake, na soketi iwe ya mwisho. Atafute fundi mwenye leseni ya EWURA, na akimpata kijana aliyesoma VETA anayekubali kuulizwa maswali, amshike asimwachie. Kamwe asiiunganishe inveta na nyaya za nyumba zinazopokea umeme wa TANESCO. Umeme wa pande mbili ukikutana ndani ya waya mmoja, inveta huteketea, na fundi aliyepanda nguzoni akidhani umeme umekatika anaweza kupoteza maisha.

Hiace ile ingali inafuata minada. Televisheni haijanunuliwa bado. Mke wa mpwa wangu ameniambia kwamba wateja wengi husoma kibao kwa sauti wakiwa wamekaa kwenye kiti, wengine hucheka, na mara kwa mara mtu huja na pasi mkononi, akasoma, akaondoka nayo bila ya kugombana na mtu.